Nilifungua kompyuta ya Bi Raya kuongeza RAM, ikaanza kulia

Tiiiit. Tiiiit. Tiiiit.

Wakuu, hamjambo? Mlio huo mpaka leo ukinijia natoka jasho. Nnayoandika yamenifika mwenyewe, chumvi sijatia.

Miaka ya 2000 mwanzoni nlikuwa nachapa barua na kadi za harusi kwenye kijiofisi cha Bi Raya, nyumbani kwake Mpendae, Unguja. Skuli niliishia form two, lakini kichwani nshakuwa fundi mkubwa, nna ofisi yangu yenye kiyoyozi!

Desktop yetu ilikuwa nzito kama punda mgonjwa. Bi Raya akanunua RAM kubwa zaidi, akaniamini niitie.

Sasa, humo ndani mlikuwa na sauti ya marehemu mumewe akisoma Yasini. Nakala ndiyo hiyo moja tu. Kila Alkhamisi Bi Raya huweka chetezo chini ya meza, akafukiza ubani, akaisikiliza.

Nikazima, nikachomoa waya, nikafungua. RAM mpya ikaingia. Nikawasha.

Tiiiit. Screen nyeusi.

Nikarudisha ya zamani. Tiiiit vile vile.

Siku hizo sikujua kuwa sauti inakaa kwenye hard disk, RAM haiigusi. Nlijua nshamuua yule mzee mara ya pili.

"We Riziki! Umefungia mbuzi humo?" Bi Raya huyo, ukumbini.

"Naam Bibi! Naijaribu tu!"

"Ijaribu kwa adabu. Mume wangu yumo."

Wakuu, nlitamani kuruka dirisha nikimbilie kwetu Bwejuu.

Nikazima, nikaitoa RAM tena, nikaipeleka mwangani. Kwenye yale meno yake ya rangi ya dhahabu, yanayoingia tunduni, pana utando unaonata. Hata ile mpya ishapakaa. Nikanusa.

Ubani! Moshi wa miaka yote, feni inauvuta ndani.

Nikafuta meno kwa kifutio cha penseli, tundu lake nikalisugua kwa mswaki mkavu. Nikaitia ile mpya, nikawasha. Bismillahi.

Tit. Moja, fupi. Windows hiyooo, na RAM mpya imesomwa!

Nilichojifunza: RAM ikigoma usiizike, isafishe kwanza. Na kitu cha mtu kitolee copy kabla hujashika bisibisi. Haya, nani mwengine kompyuta ishamtoa roho? Semeni, nisijione peke yangu.

Ah, nlisahau. Kabla sijamwita Bi Raya, niliifungua ile sauti kuhakikisha. Mzee akakohoa kidogo, akavuta pumzi aanze.

Nikaisimamisha hapo hapo. Hakuwa akinisomea mimi.

Kisha nikainama chini ya meza, nikakitoa chetezo, nikakiweka mlangoni.