Maono ya Kiwanda Bila Mimi

Keti hapa nikueleze, hasa wewe uliyeitwa ofisini ukaambiwa uandike maono ya uzalishaji, ukaitikia kwa kichwa huku hujui uanzie wapi. Usiogope. Maono ya uzalishaji ni picha ya mahali penu pa kazi jinsi mnavyotaka pawe baada ya miaka kadhaa: nani anafanya nini, mashine zinaendaje, mteja anapokea kitu gani. Ni jambo la kueleweka na mtu yeyote. Mimi lilinichukua muda mrefu kwa sababu lilikuwa limenifungia njia ya kwenda nyumbani.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa uzalishaji katika kiwanda kidogo cha unga wa ndizi, karibu na Kianjai, upande wa Meru. Mume wangu na watoto walikuwa Karurumo, upande wa Embu, nami niliwaona Jumapili, tena si zote. Ndipo chuo kimoja cha ufundi mjini Embu kikanipa nafasi ya kufundisha usindikaji wa vyakula. Ningetoka kwangu asubuhi na kurudi jioni. Ningelala kitandani mwangu. Sikutaka kingine.

Mkurugenzi wetu hakuwa mtu mbaya. Alinisikiliza, akanimiminia chai, kisha akasema, "Mwalimu, mimi sikukatazi. Lakini ukienda leo nitabaki nikiangalia hizo mashine kama mgeni. Niandikie kwanza maono ya uzalishaji. Nikiyakubali, siku hiyo hiyo nakuachilia."

Mwalimu ndilo jina walilonipa pale kiwandani, kwa vile nilipenda kueleza. Nikajisemea kwamba hiyo ni kazi ya jioni moja.

Niliandika kwamba tungekuwa kiwanda bora kabisa katika Afrika Mashariki, chenye ubora usio na kifani na wateja walioridhika. Mkurugenzi aliisoma karatasi hiyo mara moja, akanirudishia. "Hii hata mtengeneza sabuni anaweza kuichukua. Ndizi ziko wapi?"

Alisema kweli. Nikaita wasimamizi wa kila sehemu. Tuliomba, tukanywa uji, kila mmoja akatoa neno lake. Mzee aliyepokea ndizi langoni alisema lazima amani iwemo.

"Mzee," fundi wa mashine akamuuliza, "amani na unga vinakutana wapi?"

"Kwenye uji. Umewahi kuona watu wakipigana wakinywa uji?"

"Baite, jamani, huyo mzee amekushinda!" watu wakacheka, na amani ikaingia. Yakaingia pia bidii, usafi, Mungu mbele, vijana wetu na mazingira. Sikuweza kutoa hata moja, maana mtu akishasema mbele ya wenzake, ukifuta neno lake umemfuta yeye. Mwishowe fundi alipoisoma sentensi yote kwa sauti, alisimama katikati akaomba maji.

Mkurugenzi naye akasema, "Hii ni risala ya harusi, Mwalimu. Jaribu tena."

Jioni hiyo mume wangu alinipigia simu. Chuo kilikuwa kimeuliza kama bado nakuja, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine waliyekuwa wakimfikiria. Nyuma yake nilimsikia binti yetu akisema, "Muulize kama amemaliza homework yake." Mume wangu akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Nilikuwa nimeketi katika chumba cha kupanga, dirisha likitazama ukuta wa kiwanda, nikaona kama ule ukuta umesogea.

Ndipo nikapata njia ambayo hata wewe nakushauri uifuate. Acha maneno makubwa. Andika siku moja ya kawaida ya miaka ijayo, tangu lango linapofunguliwa hadi linapofungwa. Nikaandika ndizi zikipimwa, zikimenywa ndani ya maji ili utomvu usizitie weusi, zikikatwa, zikipangwa kwenye trei na kuingizwa kwenye kikaushio. Nikaandika Mwalimu akivunja kipande kimoja cha ndizi na kusikiliza mlio wake, kisha akiruhusu kisagwe. Mwalimu akikagua chekeche. Mwalimu akitia sahihi mzigo wa mwisho.

Mkurugenzi aliisoma polepole, uso ukimng'aa. "Sasa hiki ni kiwanda! Nakiona kabisa." Akageuza karatasi. "Lakini Mwalimu, wewe uko kila mahali humu. Sasa unataka kwenda wapi tena?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililoniumiza. Nilikuwa nimejijengea chumba kwa mkono wangu, na mwenye nyumba alikuwa ananisifu kwa jinsi nilivyokijenga vizuri.

Kesho yake mchana nilifunga mlango wa ofisi yangu, nione watafanyaje bila mimi. Baada ya muda nikasikia miguu nje, kisha trei ikiwekwa chini. Hakuna aliyebisha. Nilipochungulia nikamwona msimamizi wa kikaushio amesimama, na nyuma yake mwendesha kinu, wote wawili wakinisubiri. Kinu kilikuwa kimezimwa.

"Mwalimu," msimamizi akaniita kupitia mlango, "hii imekauka ama bado?"

"Wewe unaonaje, mama?"

"Mimi naona imekauka. Lakini useme wewe."

"Kipimo cha unyevu si unacho mkononi? Kinasemaje?"

"Kinasema imekauka."

"Na ukivunja?"

Nikasikia kipande kikikatika. "Imekauka," akasema.

"Basi unangoja nini?"

Mwendesha kinu akadakia, "Anangoja uubariki unga, Mwalimu!"

"Nyamaza wewe," msimamizi akamwambia. "Beba hii. Tunasaga." Sauti yake ilikuwa na hasira kidogo, nadhani juu yangu. Punde kinu kikanguruma. Nilibaki nimeshika kitasa cha mlango, nikitamani sana kwenda kuangalia, nikajizuia.

Nikaandika siku ile ile upya. Kila palipokuwa na Mwalimu, niliweka msimamizi wa kikaushio, au mpokeaji, au fundi. Mkurugenzi alipofika mwisho aliuliza, "Na wewe uko wapi?"

"Niko Embu."

Akamwita msimamizi wa kikaushio na kumuuliza jinsi anavyojua ndizi zimekauka. Mama wa watu alianza kwa kunitazama mimi. Nikageuka nikaangalia dirishani. Akajibu mwenyewe, na akaendelea kujibu hadi mkurugenzi akaishiwa maswali.

"Nimekubali," mkurugenzi akaniambia. "Lakini mpaka chuo kifunguliwe, ukae hapa bila kugusa kitu. Nataka kuona hii siku uliyoiandika ikitembea."

Siku hizo zilikuwa ngumu kuliko zote. Nilikuwa ndani ya kiwanda na sina kazi, nikiona trei ikipita kando yangu bila kusimama. Mara moja walikausha kupita kiasi na unga ukatoka na harufu ya kuungua. Waliutenga, wakabishana, wakarekebisha joto. Nilitembea hadi langoni na kurudi, nimeuma ulimi. Chuo kilipofunguliwa, mkurugenzi alinipa barua yangu ya kuachiliwa, nikaenda Karurumo na sanduku moja.

Kwa hiyo, rasimu yako ikishakuwa tayari, isome kwa sauti na upige mstari chini ya kila mahali ulipojiandika wewe. Chagua mahali pamoja, futa cheo chako, andika cha mwenzako aliye zamuni sasa. Kesho asubuhi mkabidhi kazi hiyo, simama hatua chache nyuma yake, na usiseme lolote mpaka amalize.