Malaria ya Desemba

Kila Krismasi lazima nikutane na wimbo wetu mahali. Safari hii ilikuwa Njiru, kanisani kwa binti yangu. Kwaya ya vijana wenye sare za kumetameta waliuimba mbio mbio na kinanda cha umeme, utadhani kuna gari linawasubiri nje. Walipomaliza, mhubiri akasimama kutufafanulia ubeti wa pili. Akasema ile nafasi iliyoachwa mvunguni ni nafasi ya Yesu, aliyekosa chumba Bethlehemu. Watu wakaitikia amina. Nami niliitikia, maana sikutaka kumwaibisha mtoto wa watu. Lakini najua nafasi ile ilikuwa ya nani, kwa sababu niliwahi kuilalia.

Tulikaa Shauri Moyo, chumba kimoja, kitanda cha wazazi nyuma ya pazia. Baba alikuwa fundi wa masanduku ya bati Kamukunji, yale ambayo wanafunzi wa bweni huenda nayo shuleni Januari. Kutwa nzima alipiga nyundo. Mtaani walimwita Afande kwa kuwa aliwahi kuwa askari wa Keya, jeshi la mkoloni, na vita vya wazungu vilimfikisha hadi Bama, nchi ya ng'ambo ya bahari. Soko la jirani yetu nalo liliitwa Bama kwa sababu ya vita hivyo hivyo, na kila Jumamosi baba alikwenda Bama akarudi na kilo ya matumbo. Hakuna aliyeona la kuchekesha hapo. Jina lilikuwa jina tu.

Krismasi ikifika, baba alishikwa na malaria. Watoto wa mtaa walikuwa na baruti zao za spoki ya baiskeli: unakwangua vichwa vya kiberiti, unajaza ule unga kwenye kichwa cha spoki, unaziba kwa msumari, kisha unakipiga ukutani. Kitu kidogo kama kidole, mlio wake unasikika mpaka Pumwani. Baruti ya kwanza ikilia, mama alifunga mlango na kutangaza, "Baba yenu ana malaria." Baba akaingia mvunguni mwa kitanda na hakutoka mpaka jioni. Majirani walileta pole na machungwa. Walitaniana kwamba malaria ya Afande inajua kusoma kalenda, lakini walidhani ni utani tu. Nani angefikiri kwamba mtu anayeponda bati mwaka mzima anaogopa kiberiti?

Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wetu wa sikukuu. Nilijipenyeza nikalala kando yake. Baba alikuwa amejibana ukutani, na upande wa nje pamebaki nafasi ya kutosha mtu. Niliamini ameniachia mimi. Nilipofika miaka kumi nikaanza kuona aibu, nikaacha kuingia. Yeye hakuniuliza kwa nini.

Sasa wimbo. Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza kupiga taipu, na naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu. Nilikuwa na mdomo, na nilijua nina kipaji, mambo mawili ambayo hayafai kukaa katika msichana mmoja. Mwaka ule redio ilikuwa ikisema vita vya Uganda kila siku, na mwalimu wetu wa kwaya akataka wimbo mpya wa Krismasi, wimbo wa kuwaambia watu waweke silaha chini. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda katika mtaa wa Baba Dogo, mtu mpole, akiandika noti zake za do-re-mi kwenye maboksi yaliyotupwa kazini. Sauti ya wimbo alikuwa nayo tayari, na kiitikio pia:

*Zimeni baruti zenu, Mtoto amesinzia;*
*wenye bunduki mipakani, wekeni chini pia.*

Alichokosa ni ubeti wa pili. Tulijaribu malaika, tukajaribu wachungaji, yote yalikuwa maji matupu. Mwalimu akatuambia twende nyumbani tukafikiri. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. Wenzangu walicheka tu. Mimi nilirudi nyumbani na ubeti mzima kichwani.

*Yuko mzee mvunguni, kajificha tangu vitani;*
*wanasema ana homa, homa ya sikukuuni.*

Mwalimu alisoma mara mbili, akaniuliza ni mzee gani. Nikamwambia ni mzee wa kubuni. Yeye alikuwa akilala Baba Dogo, hakujua malaria ya mtaa wetu. Mimi nilijua. Nisijitetee hapa kwamba nilikuwa mtoto. Niliona hatari ya ule mstari wa homa, na bado nikauacha, kwa sababu ulikuwa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, kwaya ilizunguka mitaa kama desturi, nyumba hadi nyumba, huku chai, huku soda. Nilikuwa nimejipangia kwamba hatutafika kwetu. Lakini mama alisifika kwa chapati, na tulipofika kona ya kwetu wenzangu wakakata njia wenyewe.

"Hapana, twendeni mbele," nikasema. "Baba ni mgonjwa."

"Si ndio tumwimbie," mwalimu akasema. "Mgonjwa ndiye wa kuimbiwa."

Mama alifungua mlango akiwa na sinia. Kiitikio kilimpendeza, nikaona kichwa chake kikifuata. Ulipoanza ubeti wa pili mimi nikafunga mdomo, lakini kwaya ni kwaya, ukinyamaza wewe wengine wanaendelea. Waliimba wote vizuri mno, kila neno likasikika. Majirani walikuwa wamekusanyika. Nikamwona mama wa nyumba ya pili akimtazama mwenzake, na huyo mwenzake akaangalia chini. Mama aliwapa sinia, akasema asanteni wanangu, akafunga mlango taratibu. Nyuma ya mlango ule, hatua tatu tu, kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kitanda.

Nilikaa nje hadi jioni. Nilipoingia, baba alikuwa amekwisha kutoka, anakunywa chai. Hakuniangalia. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, akiosha vikombe.

"Mimi nimefunika hiyo sufuria miaka zaidi ya ishirini. Wewe umeifunua siku moja, tena kwa sauti nne."

Siku zilizofuata niliona nilichokifanya. Wazee waliokuwa wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda walinyamaza baba alipopita, kisha wakamsalimu wote kwa mpigo. Hakuna aliyemwita Afande. Walimwita mzee, kwa huruma, na yeye huruma hakuijua aiweke wapi. Kiti chake cha pale mlangoni alikiingiza ndani. Chakula nilichompakulia alikisogeza kwa mama na kungoja apakuliwe kingine. Nilimkosea mtu mmoja tu duniani, na huyo mmoja ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi. Nilijichukia.

Jumamosi baba alikuja kwenye mazoezi ya kwaya. Aliingia na nguo za kazi, mikono bado ina masizi ya risasi ya kuchomelea. Nilitamani ardhi ipasuke. Mwalimu alikuwa amekwisha kuambiwa, akamwendea na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, tusamehe. Huo ubeti tumeutoa."

"Sijakuja kutoa," baba akasema. "Hii nyimbo yenu iko na makosa."

Akavua kofia.

"Mmesema najificha. Mimi sijifichi. Kule tulikuwa na shimo, mimi na mwenzangu, tulichimba pamoja. Mizinga ikaanza, mimi nikaingia kwanza. Nikajitanua. Uoga, wajua, mtu akiogopa anakuwa mkubwa. Yeye akafika akakuta hakuna nafasi. Akaniambia, sogea." Akaikunja kofia mkononi. "Sikusogea upesi. Basi siku hizi nikisikia, nasogea. Andikeni hiyo."

Akavaa kofia yake akaondoka. Hakunitazama hata wakati huo.

Mwalimu alikaa na lile boksi lake mapajani, akalia bila kujificha. Kisha tukaandika upya, yeye na mimi, na safari hii kila mstari nilimpelekea baba kwanza. Nilikuwa nausoma nikiwa nimesimama, yeye akiendelea kugonga bati. Ikiwa sawa aligonga tu. Ikiwa si sawa nyundo ilisimama. Ubeti unaoimbwa mpaka leo ni huu:

*Yuko mzee mvunguni, kando ameacha nafasi;*
*mwenzake angali nje, vita haviishi upesi.*

Watu waliupenda, makwaya mengine yakauchukua, na mahali fulani njiani mzee akapotea, akabaki Yesu. Watoto wa mtaa nao waliugeuza mchezo: wanaimba "zimeni baruti", kisha wanapasua moja. Mwalimu aliliona hilo akasema angalau wanaimba.

Krismasi iliyofuata mama hakutangaza malaria. Kina mama wa mstari wetu wa nyumba walikuwa wamewanyang'anya watoto spoki, na baba alikaa mlangoni kwenye kiti chake, asubuhi nzima, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa amevaa shati jeupe. Karibu na adhuhuri baruti moja ikalia upande wa soko la Bama, mbali. Baba akasimama, akaingia ndani. Mama hakufunga mlango. Jirani mmoja aliyekuwa akipita akauliza mzee yuko wapi.

"Yuko mvunguni," mama akasema. "Atatoka. Karibu chai."

Nilivua viatu nikainua pazia. Nilikuwa mwanamke mzima sasa, na sketi yangu ya Krismasi ilikuwa imepigwa pasi. Nikalala chini kwenye saruji. Baba alikuwa pale pale ukutani. Nafasi niliyoikumbuka kuwa kubwa ilinitosha nusu, bega moja likabaki nje.

"Baba," nikasema, "sogea."

Akasogea. Sijui alipata wapi pa kusogea, ukuta ulikuwa ule ule, lakini bega langu likaingia. Nje baruti nyingine ikalia, nikasikia pumzi yake ikikatika na kurudi. Nikamuuliza mwenzake yule alikuwa anaitwa nani.

Akaniambia. Lilikuwa jina lenye kutamkika vizuri, lenye silabi nne, lingekaa vyema kwenye ubeti wa tatu. Sikulipeleka kwa mwalimu, na hapa pia sitaliandika.