Mkanda wa Pikipiki ya Mume Wangu

Bwana mwandishi wa gazeti, jina langu lisitiriwe, na huu mwandiko mbovu unisamehe. Ni wa mkono wa kushoto. Wasomaji mtaijua sababu huko mbele.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mkazi wa Rumonge, mzaliwa wa Ujiji. Marehemu baba alikuwa mshona viatu. Hakujaliwa mtoto wa kiume, ufundi wote akanimwagia mimi. Ngozi ambayo mwingine anapata jozi tatu, mimi napata nne. Nyumba ninayokaa niliijenga kwa viatu na mawese kabla sijaolewa. Nasema haya mjue kwamba sikuolewa kwa njaa.

Mume wangu alikuwa boi wa Mzungu mmoja mnunuzi wa ngozi. Mzungu alipougua akarudishwa kwao, akamwachia pikipiki yake kuukuu. Toka Usumbura mpaka kwetu hakuna mtu mweusi mwingine mwenye nayo, na tangu siku ile mume wangu akawa hasalimii mtu mpaka awe amekaa juu yake. Lakini jamani, kile chombo ni ugonjwa. Kinazimika kikiona maji, kinazimika kikiona jua. Nimekifungua uani kwangu mpaka matumbo yake nayajua kuliko ya kuku. Na kila kinapomwaibisha njiani, mwenye kosa ni mimi.

Mara ya kwanza ulikatika mkanda, ule wa ngozi unaotoka kwenye mashine kuzungusha gurudumu la nyuma. Ulijisokota kwenye gurudumu, likaganda, akarushwa mbele kama gunia. Akaisukuma pikipiki kutoka Minago, wavuvi wakimfuata nyuma: "Bwana mukubwa, leo punda iko nakupanda wewe!" Alipofika nyumbani nilimpa maji ya kunywa. Akanipiga kwa kata ileile ya maji, jino likatoka.

Sikulia. Nilitafuta ngozi ya kiboko, nikakata mapande matatu, nikayalaza pamoja, nikayashona mistari miwili kwa mishipa ya ng'ombe, kisha nikauning'iniza mkanda na jiwe zito mpaka ukanyooka. Ulishika masika mbili bila kulegea. Watu wakamsifu yeye.

Nilimwambia jambo moja tu: "Mashine inataka mafuta, mkanda unataka ukavu. Upake jivu. Usiupake mawese."

Akacheka. Askari wa boma hupaka viboko vyao vya kuchapia mafuta ving'ae, na yeye akataka mkanda wake ung'ae vilevile. Siku ya Idi, watu wamejaa barabarani, askari wamesimama, akachota mawese yangu akaupaka mkanda kama anayepaka bibi harusi. Kufika kilimani mashine ikanguruma, mkanda ukateleza, gurudumu halizunguki. Pikipiki ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye mihogo iliyoanikwa ya mama mmoja, ikamlalia humo. Askari mmoja akapiga makofi: "Ongeza mawese, tukukaange kabisa!"

Kicheko nilikisikia kabla sijamwona yeye. Aliisukuma pikipiki hadi uani, akafunga mlango, akauvua mkanda.

"Umeniloga na ushonaji wako."

"Nilikwambia jivu."

Neno hilo ndilo lililomaliza. Alinipiga kwa mkanda ule mpaka mawese na damu vikawa kitu kimoja. Nilipokinga uso, akanikamata mkono wa kulia, akaulaza juu ya jiwe la kusagia, akaukanyaga kwa kisigino. Nikausikia mfupa. Kwa mkono wa kushoto nikaokota shazia, sindano yangu ya viatu, nikamchoma nayo pajani mpaka kwenye mpini. Alipiga ukelele ambao mimi sikuupiga. Ndipo jirani yangu, Mama Zuhura, akauvunja mlango.

Alipokuwa ananiosha mgongo akasema, "Dada yangu, huku kuna mishono."

Mistari miwili, chapa ya mkanda. Ni mishono yangu mwenyewe, nafasi zake nazijua.

Mkanda ule nilimwambia Mama Zuhura aukatekate. Leo ni soli za viatu nilivyovaa.

Mwalimu wa msikiti akatuita. Nikaomba talaka, na mahari yake namrudishia. Mume wangu akanyoosha mguu wake uliofungwa kitambaa, akasema mbele ya watu, "Mwalimu, muke nitapata mwingine. Fundi nitamutoa wapi? Anishonee mukanda mupya, ndiyo niandike talaka."

"Andika kwanza," nikasema.

"Shona kwanza."

Mwalimu akaona hiyo ni suluhu: mke ashone, mume aandike. Mama Zuhura akaninong'oneza, "Huo mkanda utakufikia mgongoni kabla ya karatasi kukufikia mkononi."

Ngozi ameshaileta. Imeegemezwa ukutani kwangu, naiona ninapoandika. Kwa sasa gango la mkono, vijiti nilivyofungiwa mfupa uunge, ndilo linalonilinda, kwa kuwa hakuna wa kumlazimisha mtu ashone na mfupa uliovunjika. Likifunguliwa, sina tena pa kujificha.

Nikikataa, nitazeekea kwenye ndoa hii na kipigo chake. Nikishona vizuri, namkabidhi fimbo. Na liko la tatu, ambalo Mwalimu sikumwambia. Naijua kona ya Magara, ile iliyo juu ya maji, anapopita kwa mbio ili wavuvi wamwone. Na najua kushona mkanda utakaoshika vizuri mpaka pale, usishike zaidi. Mtu wa namna hiyo sitaki kuwa. Lakini vidole vikianza kuwasha ndani ya gango, mshono vinaoujaribu ni huohuo.

Nishaurini, ndugu zangu, mfupa haujaunga bado. Nifanye nini na ngozi hii?