Mkono wa Kushoto wa Filda Adoch

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kampala, wenye vyeo na wanaojipa vyeo, kwamba jua si mali ya mbingu peke yake tena. Upo mkono mmoja mjini hapa unaolishika na kulipeleka utakako, nao ni wa Filda Adoch wa Bwaise, msaidizi wa mpiga picha.

Bosi wake, Nyongesa, Mkenya aliyeingia mji huu na kamera moja na maneno mengi, alidhani ameshayaona yote. Alishamwona Filda akivuka maji ya mafuriko na begi la lenzi kichwani, likafika kavu kama limetoka dukani. Alishamwona akimpangusa mchungaji jasho la pua katikati ya sala, na mchungaji asipoteze hata neno. Lakini ya Kisugu yalimzidi kimo.

Kule Kisugu, mteja wao Moreen alitaka kitu kimoja tu: picha ya baba yake akicheka. Mzee Okwir, sajini mstaafu aliyefundisha makuruta gwaride hadi nywele zikamwisha, alikuwa anarudi Lira kesho yake, na safari hii harudi mjini. Katika picha zote za ukutani alikuwa amekaza uso kana kwamba kamera inamnyima saluti. Wapiga picha waliotangulia walishindwa, wakaenda zao.

Nyongesa naye akaanza kushindwa. Kila akiinua kamera, mzee anabana visigino, kidevu juu, macho yanatoboa ukuta wa jirani. Nyongesa akaleta utani wa mpira, akayasifu mashamba ya Lira asiyoyajua, mwishowe akalia kama mbuzi. Mzee akamuuliza Moreen kama huyu mtu ni mzima. Jua lilikuwa linaishia nyuma ya paa, na Moreen ameanza kujifuta macho kwa ncha ya leso.

Muda wote huo Filda alikuwa amechuchumaa na rifleta, ile duara ya kitambaa cha fedha inayolirudisha jua usoni mwa mtu. Akainuka kulifuata jua. Mguu wa kulia ukaenda mbele, na mkono wa kulia ukaenda nao. Hatua nyingine, vilevile, kama kuruta wa siku ya kwanza.

Sajini akamkodolea macho. Kidevu kikashuka.

"Wewe binti, mkono mwingine," akafoka, kisha sauti ikamkatikia kooni. Akapasuka kicheko, kofia ikamdondoka, pengo lake likaonekana lote. Na mkono wa kushoto wa Filda, ulioshika rifleta, haukutikisika. Mwanga ulikaa shavuni mwa mzee kama umegongomelewa. Nyongesa akapiga, akapiga, huku Moreen akicheka na kulia kwa pamoja.

Nje, Nyongesa alishindwa hata kuwasha pikipiki. Alimtazama mwanamke huyu, aliyekulia kambi ya polisi akiona gwaride kila asubuhi, kwa macho ya mtu aliyeona muujiza.

"Mwalimu," akasema taratibu, "ulijuaje kwamba sajini hachekeshwi na kitu kingine ila kuruta wa namna ile?"

Filda alikuwa anaikunja rifleta.

"Mguu ulikufa ganzi, bosi."