Nilishona dola zangu kwenye pindo la suruali, Bujumbura wakazikataa

Saa 2:10 asubuhi, mwaka 2003, Bujumbura. Wakuu, salaam. Nasimulia yaliyonipata mwenyewe, bila chumvi.

Nilikuwa nadaiwa gesti dola 48 za siku sita. Meli ya mizigo ya kurudi Kigoma ilikuwa inang'oa nanga saa sita mchana, na pasi yangu ilikuwa kwenye droo ya Mama Zaina, mwenye gesti. Kwa vita iliyokuwa Burundi wakati ule, hakuna aliyejua meli nyingine ingekuja lini.

Nikampa Mama Zaina kadi ya benki kwa madaha.

"Apana kaka. Hii plastiki mi nitaipikia nini?"

Sikuogopa. Nina utaratibu: noti tatu za ishirini nilikuwa nimezishona mwenyewe, mishono midogo midogo, kwenye pindo la suruali. Nikafumua, nikampa. Akaziinua dirishani, akacheka.

"Iko na matobo kama chekeche! Nani atapokea?"

Kweli, kule noti yenye tundu la sindano ni mgonjwa. Wabadilisha fedha wawili walikubali kuzichukua kwa nusu bei tu. Dola 30! Hazitoshi.

Saa 4 Mama Zaina akanionea huruma, akanielekeza kwa Haji Musa, muuza vitenge wa mtaa wa Buyenzi, ambaye ndugu yake hupokea mizigo Ujiji, kwetu Kigoma. Huko benki zilikuwa zinapokea noti zenye matundu.

Haji akanitazama. "We mutu wa Ujiji? Unaswali musikiti gani?"

Nilijua jina moja la msikiti. Lilinijia hadi ulimini.

"Siswali, Haji. Mimi Mkristo."

Akapiga paja. "Wallahi, mwongo angenitajia musikiti!"

Akamtuma mtu kwa Mama Zaina na faranga za dola 48. Kwangu hakuchukua hata saini. "Dola zote mupe ndugu yangu. Chenji atakupa yeye."

Saa 5:40 nilikuwa melini, pasi mfukoni.

Ujiji nilienda kwa huyo ndugu kabla ya kufika nyumbani. Akapokea 60, akakata mbili za usumbufu, akanirudishia kumi kwa shilingi.

Funzo: ukisafiri, uliza kwanza wenyeji wanapokea nini, na noti usiiguse kwa sindano. Wewe ulikwama wapi na kadi au cash? Weka hapa tujifunze.

Hasara yangu yote: dola mbili.