Nilivyombebea Mtani Wangu Fimbo za Gofu

Sijapata kuona watu wazima wakijiaibisha kwa hiari yao kama nilivyowaona Jumapili ile kule Mbweni. Wanaume wenye vitambi na wajukuu, wamevaa soksi za kufika magotini, wanahangaika na kijimpira cheupe juu ya mawe ya matumbawe, na kila wakikikosa wanaitazama fimbo kwa hasira, kana kwamba fimbo ndiyo iliyolewa. Wenyewe waliiita safari ya gofu. Tulitoka Temeke asubuhi na mapema ndani ya Land Rover ya shirika, tukalivuka jiji zima na mashamba ya minazi, ili mabwana wanne wakapige mpira uingie shimoni.

Uwanja wenyewe ulikuwa wa wazungu wa shamba la mkonge. Azimio la Arusha lilipokuja shamba likataifishwa, na uwanja nao ukataifishwa pamoja na mashimo yake yote. Kibao kikapigiliwa pale njiani kutangaza kuwa ni mali ya umma. Umma niliouona siku ile ni kina mama wa Mbweni waliokuwa wakikatiza na mizigo ya kuni vichwani, na kila walipokatiza walipigiwa kelele wapishe. Mbuzi peke yao ndio walioachwa wakafaidi mali yao.

Sitapasingizia ubaya. Mahali penyewe palikuwa pazuri kwa namna ya kutisha. Jabali lilikatika ghafla, na bahari ilikuwa ikipiga huko chini mpaka maji ya chumvi yanakurukia usoni. Katikati palikuwa na korongo lililochimbwa na mvua, limejaa mkonge ulioota wenyewe na michongoma, na mpira ulitakiwa uvuke korongo hilo. Mungu aliwaumbia ngedere mahali pale, akaja Mzungu mmoja mwenye muda wa kupoteza akasema hapa nitachezea. Majani laini hayakukubali kuota, kwa hiyo kuzunguka kila shimo walimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari. Mabwana wakawa wanapiga magoti hapo kuupima mteremko kwa jicho moja, kisha wanainuka na suruali nyeupe zenye madoa meusi. Nani alizifua zile suruali sijui, lakini najua si wao.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika shirika hilo. Meneja wetu aliniambia kuwa Jumapili kuna kazi ya kujitolea. Kujitolea kwenyewe kulikuwa kumbebea mfuko wa fimbo na kumtafutia mpira. Huyu ndiye aliyekuwa akitukusanya kila wiki kutuhubiria habari za kupe na unyonyaji mpaka povu linamtoka. Nilimdharau, na sioni sababu ya kulificha hilo leo. Lakini nilikubali, tena kwa tabasamu, kwa sababu ya mama.

Mama alikuwa amepoteza macho. Sikuwa na ndugu, na mkono wa mtu mwingine hakuutaka; jirani akimshika ampeleke uani alikuwa anakaza miguu na kusimama palepale, mpaka mimi nifike. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimwogesha, nikamkalisha barazani kwenye mkeka wake, na jioni nilimkuta ameshaigeuzia uso njia ninayojia. Sasa ofisini zilikuwa zimevuma habari kuwa kati ya makarani wawili wa stoo mmoja atahamishiwa Tabora. Mwenzangu alikuwa kijana asiye na mke wala mzazi anayemtegemea. Mtu mwenye akili angejua nani wa kupelekwa, lakini aliyekuwa na uamuzi ni meneja, na ndiyo maana nikabeba mfuko.

Jambo jingine lililonipa moyo ni kwamba mimi ni Mzaramo na yeye Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Wasiojua utani wataona ajabu. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuunyakua mnofu kwenye sahani yako akaula unamtazama, na wewe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye aibu ni wewe. Kazini tulikuwa hivyo miaka yote, na kwa kweli ndiyo saa pekee ambayo nilimwona kama mtu.

"Jamani tazameni!" aliwaambia wageni wake nilipoutia mfuko begani. "Babu zangu walibeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, Wazaramo wamelala kivulini wanawacheka. Leo Mzaramo ndiye mpagazi!"

Wakacheka. Mimi nikamjibu kuwa babu zake angalau walijua mzigo wanaupeleka wapi, yeye hata kijimpira hajui kimekwenda wapi. Wakacheka zaidi. Mmoja wao, mgeni mfupi aliyetoka wizarani, alinipiga bega kwa furaha.

Basi ikawa hivyo kutwa. Meneja anapiga, mpira unaingia korongoni, mimi ninateremka kuutafuta kwenye michongoma, ninapanda na mikwaruzo mpaka shingoni, naye ananipokea kwa maneno. "Mtani, ngoja nikupeleke Tabora ukajifunze kazi. Huku pwani mmezoea ngoma tu."

"Mie nikienda Tabora, nyie mtaniweza?" nikamwambia. "Nitaoa dada zako wote, mahari nitawalipa kwa madafu."

"Utakula michembe ya viazi vikavu mpaka ushike adabu! Mwezi ujao uko kwenye treni."

"Treni ya nani? Mnyamwezi na treni wapi na wapi, si mlizoeaga miguu?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi, na mimi nikacheka. Moyo wangu ulitulia kabisa. Nilijiambia kwamba mtu aliyekusudia kukuumiza hawezi kukutania nalo jambo hilohilo, tena mchana kweupe, mbele ya wenzake. Kwetu sisi jambo likishaingizwa kwenye utani limekwisha makali. Nikaanza hata kuupangusa mpira wake kwa shati langu mwenyewe, mjinga mimi.

Shimo la mwisho lilikuwa pale ukingoni mwa jabali. Meneja alikuwa ameinama juu ya mchanga wake wa oili, anauangalia mpira kama mganga anavyoangalia ramli, na yule mgeni wa wizarani akasogea karibu yangu kunong'ona, maana kwenye gofu, mtu akitaka kupiga, wengine wote hugeuka mabubu.

"Kumbe wewe ndiye unayekwenda Tabora," akasema. "Hongera. Mwenzio ameshakabidhiwa stoo, au bado?"

Nikamwambia, kwa heshima zangu zote, huo ni utani wetu tu mzee wangu. Akanitazama kwa huruma ya mtu aliyekanyaga pasipotakiwa. Akasema hapana, jambo hilo limepita mikononi mwake tangu wiki iliyotangulia, meneja ndiye aliyependekeza jina, na yule mwenzangu ni mtoto wa dada yake meneja, hilo pia hukulijua? Sikulijua.

Mpira uliingia shimoni na wote wakapiga makofi. Nilimfuata meneja hapohapo, mfuko wake ungali begani mwangu, nikamuuliza kama ni kweli.

"Si nimekwambia tangu asubuhi, mtani?" akasema. "Tena mbele za watu. Ukacheka mwenyewe."

"Na mama yangu?"

"Mama utamchukua. Tabora si Ulaya." Halafu akanikonyeza jicho na kuwaambia wenzake, "Mzaramo ameanza kulilia nazi!" Nao wakacheka, isipokuwa yule mgeni, ambaye alijifanya anafunga kamba za viatu.

Nimewahi kudhulumiwa na watu wengine, na wengi wao walinidhulumu wakiwa wamekunja uso, na ninawaheshimu kwa hilo. Huyu alichukua kitu tulichoachiwa na babu zetu ili tusigombane, akajifichia ndani yake. Aliogopa kunitazama machoni na kuniambia, basi akaniambia akicheka, ili nikikasirika nionekane mimi ndiye nisiyejua utani. Hata woga una heshima yake, ule wake haukuwa nayo.

Nilikwenda Tabora. Mama alikataa katakata kupanda treni, akasema hawezi kwenda kuwa kipofu mahali asipopajua. Nilimwacha na jirani, mwanamke mwema aliyenitumia salamu kila alipopata msafiri. Salamu zilikuwa zilezile kila mara: hajambo, ila hataki kushikwa. Alianza kwenda uani peke yake kwa kupapasa ukuta, na siku moja ya mvua akaanguka. Nilipopata ruhusa na kufika Temeke nilimkuta bado hai. Niliushika mkono wake akautoa. Hakujua tena mkono uliomshika ni wa nani, na hivyo ndivyo alivyokufa.

Meneja alikuja mazikoni. Alikuja kama mtani, kwa sababu msiba wa Mzaramo una kazi zake kwa watani, na watu walimsifu kuwa mkubwa mzima hakusahau desturi. Kabla mama hajateremshwa, aliruka kaburini na shati lake jeupe, akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Mie sitoki bila kupewa changu!" akapiga kelele. "Nafasi hii nimewahi mie. Huyu bibi mhamisheni kwingine!"

Watu waliangua kicheko, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Nikachota udongo nikamtupia kifuani, wakasema mfiwa naye amejibu. Nikachota tena nikamtupia usoni, wakacheka zaidi, naye akacheka nao huku akitema mchanga. Kisha akafuta macho akanitazama, na mimi nilikuwa naendelea kuchota. Alitoka mle ndani kwa magoti na viwiko, bila kudai chochote. Watu wote walikuwa bado wanacheka, ila yeye.