Boti Chini ya Kamba ya Nguo

Baba alinunua boti wakati mama alipokuwa akitibiwa hospitalini Upper Hill. Aliinunua kwa familia moja ya Loresho iliyokuwa inahama nchi, akaipakia kwenye pikapu ya kukodi na kuishusha uani kwetu Woodley, majirani wakichungulia juu ya ua. Ilikuwa na maboya mawili marefu ya kujazwa hewa, yaliyounganishwa kwa fremu ya mabomba mepesi, na katikati turubai la kukalia watu wawili.

"Sasa hii tutaiogeleshea wapi?" mama akauliza kutoka mlangoni. Alikuwa amejifunga kitambaa kichwani kuficha mahali nywele zilipokuwa.

Baba akacheka peke yake, kama mtu aliyeulizwa swali alilokuwa akilingoja.

Baba amezaliwa kando ya ziwa, huko magharibi. Mama ni wa Limuru, kwa watu wa majani chai na ukungu, na hakuwahi kupanda chombo chochote cha maji. Alipomposa, baba alimwahidi kwamba siku moja atampakia botini, wawili tu, yeye akipiga kasia. Kisha maisha yakaanza. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Akifika nyumbani analala, akiamka anaondoka. Ile ahadi ikabaki kitu cha kumtania nacho tukila Krismasi. Sasa daktari alikuwa amempa mama wiki chache za kupumzika kabla ya kuanza dawa kali zaidi, na hakuna aliyejua dawa hiyo ingemwachia nguvu kiasi gani. Baba alitaka ahadi itimie ndani ya wiki hizo. Bwawa alishalipata, katika shamba la muumini mwenzao huko mbele ya Karen. Kilichobaki ni boti kukaa na hewa yake, na boti ilikataa.

Alianza kuiziba jinsi anavyojua. Miaka yote ya lori alikuwa akiziba pancha mwenyewe barabarani, kwa hiyo alisugua, akapaka gundi ya pancha, akabandika viraka vya mpira. Kufikia jioni vilikuwa vimejikunja pembeni kama stika za watoto.

"Baba, hii si tube ya lori," nikamwambia. "Hii ni plastiki. Hiyo gundi yako haiijui."

"Wewe na plastiki yako," akasema, lakini alinisogezea kigoda.

Mimi nakodisha yale majumba ya hewa ambayo watoto huruka ndani yake kwenye sherehe, bouncing castle, na kuyaziba pia ni juu yangu. Nikaleta gundi yangu, msasa na vipande vya plastiki. Tulipaka maji ya sabuni kwenye maboya yote mawili, na kila povu lilipochemka tukaweka alama ya chaki, tukakausha, tukasugua, tukabandika na kukandamiza kwa mgongo wa kijiko. Nilijiona fundi kweli. Lakini kila asubuhi baba alijaza hewa kwa pampu ya mguu, na kila jioni boya la kushoto lilikuwa limelegea.

Nikamshauri tununue pampu ya umeme tu, twende nayo. Kazi yangu imenizoesha vibaya: jumba la hewa huvuja kwenye mishono siku nzima, ndivyo lilivyoshonwa, na feni inaendelea kusukuma. Hewa ikitoka, unaongeza. Baba aliniangalia kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Mama yako akae katikati ya maji akingojea pampu?"

Sikulitaja tena hilo.

Mama naye alikuwa ameanza kulala juu ya ile boti. Kitanda kilimuumiza mifupa, alisema, na turubai lilimbeba vizuri. Asubuhi jua likifika chini ya kamba ya nguo, alitoka na blanketi, akajilaza, kichwa kikiegemea boya la kushoto. Baba alikuwa akimzunguka na karai la sabuni na sponji. Injini za malori zilimwachia masikio mabovu, kwa hiyo hakuweza kutafuta uvujaji kwa kusikiliza. Alitegemea povu, na mara nyingine alilowesha mdomo wa juu na kuupitisha juu ya plastiki polepole ili asikie ubaridi wa hewa. Alipofika kwenye kichwa cha mama aliparuka, asimloweshe. Mama akiinuka kwenda chooni, ndipo alipopaka sabuni hapo, na hakukuwa na povu lolote.

Na alikuwa akiongea. Mimi sikujua baba yangu ana maneno mengi hivyo. Alimsimulia jinsi walivyokwama Malaba wakipika ugali chini ya trela, alimsimulia mbwa aliyemfuata mpaka Eldoret, na kila baada ya hadithi aliuliza, "Uko sawa, Mama?" kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Chai yake ilikuwa inapoa kwenye kikombe kila siku.

Asubuhi moja alienda dukani kuongeza sabuni. Mama akapigapiga turubai, nami nikajilaza kando yake kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa mdogo. Nilipoweka kichwa changu karibu na chake, nikasikia. Hewa ilikuwa inatoka taratibu, pale mkanda unaoshika fremu ulipobandikwa kwenye boya. Nikaketi, sauti ikafifia. Nikalala tena, ikarudi. Ilivuja tu mtu akiwa juu yake, uzito ukivuta mkanda. Mama alikuwa amekonda kiasi kwamba sote hatukufikiri uzito wake unaweza kufungua kitu.

"Mum! Inavuja hapa!"

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu nianze kulala hapa," akasema, macho yakiwa kwenye nguo zilizoanikwa. "Si iko kwa sikio yangu."

Nilikasirika, sitaficha. Siku zake za kupumzika zilikuwa zinayoyoma, na mzee wa watu alikuwa anapiga magoti kwenye saruji kila asubuhi. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Mami," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Baba yako nimekaa na yeye kama mgeni. Anakuja, anakula, anaenda. Akastaafu, akaingia kwa redio. Saa hii ananizunguka na karai akiniongelesha mpaka nachoka kucheka. Hii boti ikipona tutaenda, turudi, arudi kwa redio yake, na mimi nirudi Upper Hill. Maji hata naiogopa."

Nikalia. Yeye hakulia, alinipangusa uso kwa ncha ya blanketi.

"Lakini yeye anaitaka," akasema baadaye. "Akirudi, mwambie umeipata wewe."

Aliporudi nikamwambia hivyo. Baba akamwomba mama abaki amelala, akakamua sponji kando ya sikio lake, na povu likafura chini ya mkanda. Alilitazama. Kisha akatazama kile kichwa kilichokuwa kimelala hapo siku zote, akakitazama kwa muda mrefu. "Haya," akasema tu, "tuzibe."

Tuliubandua mkanda, tukaubandika upya, tukauacha ukauke vizuri. Siku mbili kabla ya mama kurudi hospitalini, tukaenda bwawani. Nilibaki ukingoni. Mama alishika fremu kwa mikono yote miwili, halafu kwa mmoja, halafu akauchovya ule mwingine majini na kupiga kelele kama msichana. Baba alipiga kasia akimsimulia habari za ziwa lao, kwa ile sauti yake kubwa, nami nikasikia kila neno. Nilifurahi mpaka nikaona haya.

Asubuhi ya kurudi Upper Hill nilikuja na gari mapema. Mkoba wa mama ulikuwa tayari mlangoni, lakini yeye hakuwa ndani. Nikawakuta uani. Boti ilikuwa imerudishwa chini ya kamba ya nguo, mama amelala juu yake amevaa nguo za safari, na baba amepiga magoti na karai. Nikabonyeza boya la kushoto kwa kidole. Lilikuwa gumu kama jiwe.

"Hapa bado inavuja kidogo," baba akasema bila kuinua macho, akipitisha sponji kavu kando ya sikio la mama.

"Angalia vizuri," mama akamjibu. "Usiharakishe."

Nikarudi garini, nikazima injini.